Madogo wa U-17 wamekamatwa na bangi, adhabu iwe kali kiasi gani?

Benchi la Ufundi:
Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo yenu maana kikao ni kesho kutwa na mpaka sasa sijajua nitasimamia upande gani. Mi ni kocha msaidizi wa timu ya vijana chini ya miaka 17 na nipo pia kwenye kamati ya nidhamu. Juzi baada ya mazoezi mtunza vifaa alienda kufunga stoo ya mipira, akasikia harufu, kuzunguka nyuma ya vyumba vya kubadilishia akakuta madogo watatu wanavuta bangi. Ubishi hamna, msokoto aliukuta bado unafuka, mmoja akajaribu kuukanyaga na daluga lakini alishachelewa.

Sasa kocha mkuu anataka watimuliwe msimu mzima, wote watatu, na majina yabandikwe ubaoni ili wengine washike adabu. Mwenyekiti ye anasema hao ni watoto, wapewe onyo maisha yaendelee, ila sote tunajua anachokilinda, mmoja wa hao watatu ndo nahodha na wiki ijayo tuna nusu fainali. Mi nipo hapo katikati. Nikigeukia kanuni zetu zimeandika tu "hatua kali za kinidhamu zitachukuliwa", basi, kiwango hakuna, nani anaamua hakuna.

Kwa dogo wa miaka 16, kosa la kwanza, nyie mngempa nini? Na je mnapimisha mkojo kwanza au ushahidi wa macho unatosha?

Chuma Kigumu:
Msimu mzima. Kocha wako yuko sahihi na wala hajazidisha. Dogo anayejua kwenda kujificha nyuma ya vyumba anajua kabisa anachofanya ni kosa, sasa utoto unaingiaje hapo. Samaki mkunje angali mbichi. Mkiwalegezea hao watatu, baada ya muda mtakuta nusu ya timu imehamia huko nyuma. Na huyo nahodha apewe zaidi ya wenzake, sio pungufu, kile kitambaa hakuvalishwa kwa ajili ya picha.

Mkimbiza Upepo:
Mkuu Chuma hasira yako naielewa ila kabla hatujamkunja huyo samaki mpaka akavunjika, tuangalie kwanza wale ambao kazi yao ya kila siku ni hizi kesi wanafanyaje. Namaanisha WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Hao sio watu wa huruma, ukinaswa na steroidi, dawa za kujenga misuli, na ikaonekana ulikusudia unakula miaka minne. Lakini kwenye bangi wamebadilika kabisa. Kanuni zilizoanza 2021 zimeitenga pamoja na kokeini, heroini na ekstasi, vitu ambavyo mtu anaweza kuwa anatumia huko mtaani bila hesabu yoyote ya kushinda mechi, na mwanamichezo akithibitisha kwamba alivuta nje ya mashindano na hakuwa anatafuta ushindi, anafungiwa miezi mitatu. Akikubali kwenda kwenye programu ya matibabu na akaimaliza inashuka mpaka mwezi mmoja. Zamani kwa kosa hilohilo ungeweza kufungiwa hadi miaka miwili. Sasa kama mtu mzima anayelipwa kwa kukimbia anaweza kumaliza na mwezi mmoja, dogo wa 16 anayecheza bure unampaje msimu mzima?

Na hata kipimo chenyewe wamekilegeza. Wale wa zamani mtamkumbuka Ross Rebagliati wa Canada, yule wa snowboard, mchezo wa kuteleza na ubao kwenye theluji, aliyechukua dhahabu kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998 halafu wakamnyang'anya kwa sababu ya bangi, baadaye mahakama ya michezo ikamrudishia kwa kuwa sheria za wakati ule hazikuwa zimekaa sawa. Mkojo wake ulikuwa na nanogramu 17.8 kwa mililita na kikomo kilikuwa 15. Mwaka 2013 kikomo kikapandishwa hadi 150. Yaani kwa hesabu ya leo yule jamaa hata asingeitwa ofisini.

Ila mi kinachonisumbua zaidi kwenye hizi adhabu ni kwamba urefu unaoandikwa kwenye barua sio urefu wenyewe. Chukua kesi ya Sha'Carri Richardson. Juni 2021 ana miaka 21, anashinda mita 100 kwenye mchujo wa Marekani kwa 10.86, pale Eugene, jimbo la Oregon ambako bangi kwa mtu mzima ni halali kisheria. Siku chache nyuma yake amepata habari ya kufiwa na mama yake mzazi, tena kaambiwa na mwandishi wa habari katikati ya mahojiano. Akavuta. Kipimo kikamkamata, akakubali, akafungiwa mwezi mmoja, ile adhabu ndogo kuliko zote. Mwezi ukaisha mwishoni mwa Julai kabla hata mita 100 za Tokyo hazijaanza! Lakini matokeo yake ya mchujo yalishafutwa, kwa hiyo nafasi yake ilishaenda kwa mwingine, na kwenye timu ya kupokezana vijiti pia hawakumchagua. Kwenye karatasi ni siku 30, kiuhalisia ni Olimpiki nzima. Ndo maana nawaambia mkikaa kwenye hicho kikao msihesabu wiki tu, fungueni kalenda muone kwenye hizo wiki kuna nini, maana wiki tatu zenye majaribio ya akademi ndani yake zinaweza kuwa kali kuliko msimu mzima usio na kitu.

Chuma Kigumu:
Umeongea vizuri ila wote uliowataja ni watu wazima. Hata NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walipoiondoa bangi kwenye orodha yao 2023 walikaa mezani na chama cha wachezaji, watu wana ndevu na mikataba. Hapa tunaongelea ubongo wa miaka 16 ambao bado unajengwa, madaktari wanasema unaendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu, na bangi ya utotoni inahusishwa na matatizo ya kumbukumbu, umakini na hata kuchanganyikiwa akili kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo mtoto ndo wa kukaziwa zaidi sio kulegezewa.

Na kuhusu mastaa, muogeleaji Michael Phelps 2009 alipigwa picha tu ana kile chombo cha kuvutia bangi, hata kipimo hakikumkamata, na alikuwa ametoka kubeba dhahabu nane Beijing. Chama chake cha kuogelea kikamfungia miezi mitatu. Hawakuuliza ana medali ngapi. Huyo mwenyekiti wenu aambiwe hivyo.

Mkimbiza Upepo:
Hapo kwa mwenyekiti tupo pamoja mkuu. Ila kumbuka Phelps baada ya hiyo miezi mitatu alirudi, na London 2012 akabeba medali sita. Mlango waliufunga wakaacha ufunguo.

Dada Kipa:
Mi niongee kama ndugu sio kama kocha. Mdogo wangu alikuwa kipa wa timu ya vijana, akakamatwa hivyohivyo na wenzake, klabu ikamfukuza msimu mzima, jina likabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale getini. Hakuna aliyemuuliza ameanza lini, anavuta na nani wala kwa nini. Barua mstari mmoja na nusu, imekwisha.

Mnajua alikuwa anafanya nini wiki za mwanzo? Saa ya mazoezi ikifika anavaa soksi zake na njumu anaenda kusimama nje ya uzio. Mpira ukitoka anaukimbilia anawarushia ndani. Kocha wake anaupokea hana hata la asante, anageuka anaendelea na programu. Nilienda kumchukua pale siku moja nikakuta glovu kaziweka chini ya kwapa, hajazivaa, nadhani aliona aibu kuzivaa akiwa nje. Baada ya muda akaacha kwenda. Sasa zile saa za jioni alizokuwa anazimalizia uwanjani akawa anazimalizia na watu wale wale waliomuonjesha, ila sasa hivi hamna mazoezi ya kesho ya kumfanya aseme hapana leo mi siwezi.

Kaka Chuma unasema ubongo wao bado unakua ndo maana wakaziwe. Sawa, kama kweli wasiwasi wenu ni ubongo wa mtoto basi mpeni kitu kinachohusu ubongo wake, mtu wa kuongea naye, mzazi aitwe, afuatiliwe. Kumtoa mtoto timuni kunausaidia nini huo ubongo? Kunasaidia klabu ionekane safi, tuseme ukweli.

Na hilo la ubaoni Benchi nakuomba ulikatae hata kama mengine yote yatakushinda. Yule dogo mpaka leo watu wanamuita kwa lile tangazo.

Daktari wa Pembeni:
Nimefanya kazi ya tiba ya viungo na timu za vijana muda mrefu, niongeze mambo ambayo kamati nyingi huwa zinayachanganya.

Kwanza mtenganishe usalama na adhabu. Dogo akija mazoezini au kwenye mechi amelewa bangi, siku hiyo hachezi, hakuna kikao wala kura. Bangi inachelewesha mwitikio, inaharibu kukadiria umbali na muda, mapigo ya moyo yanapanda. Kwenye soka anaweza kumvunja mwenzake mguu kwa kuchelewa nusu sekunde, kwenye ndondi au kuruka viunzi au mkuki ndo usiseme. Kumtoa siku hiyo ni sawa na kumtoa mwenye mtikisiko wa ubongo, humuadhibu, unamlinda yeye na wenzake. Adhabu ni mazungumzo mengine ya baadaye watu wakiwa wametulia. Kesi yako wamevuta baada ya mazoezi, kwa hiyo hili la usalama wala halijaguswa.

La pili ni huo mkojo. Mkuu una mtu aliyewaona na msokoto unafuka, kipimo unakitakia nini? Watu wanadhani kipimo cha mkojo kinasema mtu alikuwa amelewa. Hakisemi hivyo. Kinatafuta mabaki ya THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, baada ya mwili kuichakata, na THC inajificha kwenye mafuta ya mwili halafu inatoka pole pole. Aliyevuta mara moja anaweza kuwa safi ndani ya siku chache, anayevuta kila siku anaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa, hata mwezi na zaidi, tangu aache. Nimeona timu inampima dogo kila Jumatatu, wiki ya pili bado chanya wanamwambia umerudia muongo wewe, mtoto analia anaapa, na kumbe inawezekana kabisa hajagusa kitu. Mkiamua kupima kama sehemu ya ufuatiliaji basi awepo mtu anayejua kusoma namba zinavyoshuka, sio kile kikaratasi cha mistari miwili tu mnakitazama pale stoo na kutoa hukumu.

Halafu kupima timu nzima kwa kushtukiza, najua kuna mtu atalipendekeza kikaoni. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishasema 2015 kwamba hakiungi mkono mashule kuwapima wanafunzi hivyo, na moja ya sababu ni kwamba ushahidi wa kusaidia ni hafifu na mtoto anaweza kukimbilia vitu vingine ambavyo kipimo hakivioni au kuacha kabisa michezo.

Karani wa Mashindano:
Wote mnajadili ukubwa wa adhabu, mi naona shida ya Benchi ni hiyo sentensi moja ya kanuni. "Hatua kali" maana yake nini? Maana yake ni hali ya kocha siku hiyo na ratiba ya mechi. Beki wa akiba atakula msimu, mfungaji ataambiwa usirudie tena mwanangu. Watoto wanaona hayo kuliko mnavyodhani.

Kuna mfano wa zamani kidogo ila mi naupenda kwa jinsi ulivyoandikwa. Wilaya ya shule ya Vernonia, huko Oregon, ilikuwa inapima wanamichezo wake dawa za kulevya, familia moja ikagoma kusaini fomu, kesi ikafika mpaka mahakama ya juu ya Marekani na 1995 shule ikashinda. Watu wanaikumbuka kwa suala la kupima, mi naikumbuka kwa adhabu zake. Mtoto akikutwa chanya anapimwa tena kuhakikisha. Ikithibitika mzazi anaitwa, na mtoto anachagua mwenyewe: ama wiki sita za programu ya kusaidiwa huku anapimwa kila wiki, ama anasimama michezo msimu uliobaki pamoja na msimu unaofuata. Kosa la pili hakuna kuchagua, anasimama. La tatu linaongezeka misimu. Na majibu hayakuwa yanapelekwa polisi. Unaweza usikubaliane na kupima (hata mi sikubaliani sana), lakini angalia vile mtoto alikuwa anajua kabla ya kosa kitakachomkuta, na lile kosa la kwanza lina mlango wa kurudi timuni.

Kuhusu majina, mwambie kocha mkuu kwamba hata WADA, kwa mtoto chini ya 18, hawalazimishi jina litangazwe, na wakiamua kutangaza lazima wazingatie ni mtoto. Sasa timu ya mtaani inakuwaje kali kuliko WADA?

Benchi la Ufundi:
Aisee nashukuruni sana, nilitegemea matusi mawili matatu na utani nimekuta darasa. Ngoja nijazie maana kuna mambo sikuyaweka mwanzo. Hao watatu hawalingani. Nahodha ndo alikuwa ameushika na kakiri mwenyewe bila kubanwa, winga anasema alivuta mara moja tu, na wa tatu anadai alikuwa amekaa nao tu hakuvuta, mtunza vifaa ye anasema hakumuona na kitu mkononi. Na aliyeleta ni winga, alikuwa nayo ndani ya soksi, amepewa na binamu yake. Hakuwa anauza.

Chuma Kigumu:
Wote wanasema walikuwa wamekaa tu.

Karani wa Mashindano:
Hata kama Chuma, huwezi kumpa aliyekaa adhabu ya aliyeleta. Ukifanya hivyo umewafundisha kwamba ukishakuwa pale bora uvute tu maana bei ni moja. Benchi, wa tatu mpe onyo la maandishi na mzazi ajue. Aliyeleta azidi aliyevuta, hata kwa mechi mbili. Na kama siku mkimpata anayewauzia wenzake timuni, huyo ni kesi nyingine kabisa, hapo mi naungana na Chuma, atoke.

Dada Kipa:
Na kipindi hicho wasicheze mechi lakini mazoezini waje. Hili ndo langu. Wabebe koni, wakimbie na wenzao, waoge waondoke. Mechi mnyime, jioni zake usimnyang'anye.

Daktari wa Pembeni:
Dada Kipa nakuunga mkono kwa asilimia zote. Ila mazungumzo na mtaalamu yawe sharti la kurudi, sio ombi. Na awe mtu wa nje ya timu, dogo hawezi kumfungukia mtu anayepanga kikosi.

Benchi la Ufundi:
Nimeandika rasimu, nimemtumia kocha mkuu muda huu. Nahodha na winga wasimame mechi wiki sita, na wakikubali kukaa na mshauri na wazazi wakaja, wiki tatu zinaondoka. Winga anaongezewa mechi mbili kwa kuleta. Wa tatu onyo la maandishi. Mazoezini wote wanakuja. Hakuna ubao. Na kosa la pili tumeliandika hapohapo, msimu uliobaki bila mjadala, kwa yeyote, liingie kwenye kanuni kabla ya msimu ujao na kila mzazi asaini.

Kajibu. Ubao kakubali uondoke, wiki tatu kanung'unika ila kasema sawa. Mwenyekiti ndo kapiga simu sasa hivi, anauliza kama adhabu ya nahodha haiwezi kuanza baada ya nusu fainali.

Karani wa Mashindano:
Nilijua tu 😂

Chuma Kigumu:
Mi wiki tatu naona ni chache na sibadilishi. Lakini ikianza baada ya nusu fainali hiyo rasimu ichaneni tu, maana yule wa onyo na wale wengine wote walioko kambini watakuwa wamekaa jukwaani wanamtazama anavyovaa kitambaa. Mpigie mwenyekiti usiku huuhuu, usisubiri kikao.